Nafasi ya Hodi

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua barabara ya Luthuli, Jumamosi moja saa nane mchana, kwa shilingi 6,500. Niliipakata kwenye matatu hadi Roysambu kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga. Pale dukani muuzaji alikuwa ameijaribu mlangoni, akaongeza sauti mpaka kioo cha kabati kikaanza kutetemeka, kisha akaniuliza, "Umeskia hiyo besi, bosi?" Nilikuwa nimeiskia. Luthuli nzima ilikuwa imeiskia. Swali ambalo hakuniuliza, nami sikujiuliza, ni hili: huko unakoipeleka, nyuma ya ukuta analala nani?

Nyuma ya ukuta wangu alikuwa analala mama mmoja na mwanawe. Nitamwita Mama Junior, maana kila ploti Nairobi ina Mama Junior wake. Anauza mboga kando ya steji, na ili apate mboga nzuri lazima awe Marikiti kabla jua halijachomoza. Kwa hivyo saa tisa na nusu usiku, wakati wengine wetu bado tunajidanganya kwamba hii ndiyo episodi ya mwisho, yeye anaamka. Ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba usingizi wake unafaa kuanza saa tatu. Saa tatu ndiyo saa niliyokuwa nafika keja kutoka kazini, navua viatu, nawasha sabufa.

Alivumilia wiki tatu. Kisha jioni moja akabisha. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na sukuma wiki imefungwa kwa gazeti. "Kijana wangu," akasema, "muziki wako ni mzuri. Lakini huku kwetu tunaletewa ngoma peke yake. Maneno yote yanabaki kwako."

Nilicheka, nikaomba msamaha, nikapunguza. Lakini maneno yake hayakuniacha. Kumbe wiki hizo zote nilikuwa nimejiambia kimoyomoyo kwamba jirani anapata muziki wa bure, na sasa najulishwa kwamba anachopata si muziki.

Alikuwa amesema kweli hata kwa upande wa fizikia. Sauti nyembamba, kama ya mwimbaji au gita, ikigonga ukuta wa mawe sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Besi haina adabu hiyo. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, na keja yangu yote haifiki urefu huo. Ukuta haiuzuii sana; inaupita, inashika slabu ya zege, inateremka hadi gorofa ya chini. Ni kama kichujio cha chai: mimi nabaki na chai, jirani anapelekewa majani.

Na kwa nini huwa tunaongeza sauti? Si kwamba sote ni wakorofi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba ukipunguza sauti, besi ndiyo hupotea upesi zaidi. Ndiyo maana wimbo uliokupagawisha kwenye matatu, ukiucheza nyumbani kwa sauti ndogo, unaonekana umekonda. Mkono unaenda wenyewe kwenye kitufe. Unachotafuta ni ile besi iliyopotea, na besi ndiyo hiyo hiyo inayovuka ukuta.

Hapo ndipo kununua stereo kuliponigeukia kuwa swali la maadili. Kitu ninachokihitaji ili wimbo wangu ukamilike ndicho kinachomwamsha mtu mwingine. Siwezi kukipata chote bila yeye kupoteza kitu.

Nikadhani kuna jibu rahisi. Niliuza sabufa kwa msee mmoja wa Zimmerman, nikaongeza pesa, nikanunua hedifoni, zile zinazofunika sikio lote na kuzima kelele za nje. Mambo yakawa shwari. Mimi nikapata besi yangu yote, Mama Junior akapata usingizi wake wote. Tulipokutana kwenye ngazi alinishukuru mpaka nikaona haya. Nilijiona mtu mstaarabu sana.

Hali hiyo ilidumu hadi usiku mmoja wa mwezi wa saba. Junior ana pumu, na baridi ya Julai humkaba. Ilikuwa inakaribia saa sita, simu ya mamake imezima, mtoto anahema kwa shida. Mlango wa karibu zaidi ulikuwa wangu. Alibisha. Mimi nilikuwa ndani, macho, nimekaa kitini hatua nne kutoka mlangoni, nasikiliza rumba. Sikusikia chochote. Hedifoni zilikuwa zinafanya kazi niliyozinunulia.

Aliteremka hadi gorofa ya pili, anakoishi jamaa wa bodaboda, na huyo ndiye aliyewapeleka hospitali. Junior aliwekewa oksijeni, akarudi nyumbani baada ya siku mbili, na leo anapiga mpira kwenye koridoo kama kawaida. Mimi nilipata habari asubuhi kutoka kwa keateka. Waliporudi nikaenda kutoa pole, na Mama Junior akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Nilibisha kwako kwanza. Nikaona taa imewaka, nikadhani labda una mgeni."

Kama angenitusi ningejua pa kuiweka hiyo hatia. Lakini hata saa ile, mtoto akiwa hivyo, bado alikuwa ananitafutia sababu.

Sasa, tuwe wakweli. Hakuna aliyeniajiri kuwa askari wa gorofa ya nne. Ningeweza kuwa nimelala, au nimesafiri, na hakuna ambaye angenilaumu. Marafiki zangu waliniambia hivyo, na wana hoja. Lakini mtu aliyelala amelala kwa sababu mwili unahitaji, na aliyesafiri hayupo. Mimi nilikuwepo na nilikuwa macho, ila nilikuwa nimepanga nyumba yangu ili hodi isifike, na nikakiita kitendo hicho heshima kwa jirani. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa inaingia kwake bila ruhusa. Baadaye sauti yake haikuweza kuingia kwangu hata alipoihitaji. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikaingia kwenye lingine, na katikati yake nikapewa shukrani.

Hoja ya kelele na jirani si ya Roysambu peke yake. Mwaka 1784 mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeishi mji wa Königsberg huko Prussia, aliandika barua kulalamika kuhusu wafungwa wa jela iliyokuwa karibu na nyumba yake, waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti ya juu. Miaka sita baadaye, katika kitabu chake kuhusu urembo na uamuzi, akaushtaki muziki wenyewe kwamba hauna ustaarabu wa mjini. Picha ikikuchosha unageuza macho. Muziki unasambaa hadi kwa watu ambao hawakuuomba, kama mtu anayetoa leso yenye manukato mfukoni na kuwafanya wote walio karibu wainuse wapende wasipende.

Kuhusu leso nakubaliana naye kabisa. Mimi na sabufa yangu tulikuwa leso hiyo. Lakini Kant alikuwa anatafuta kimya cha kufikiria, na kimya hicho mimi nilikwisha kukipata kwenye hedifoni. Ndicho kilichonifanya nisisikie mlango. Kwa hivyo jibu la "kila mtu na sauti yake kichwani mwake" haliwezi kuwa jibu lote.

Kuna waliolitambua hili mapema. Sony walipoanza kuuza Walkman nchini Japani mwaka 1979, ile ya kwanza kabisa ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja. Ilikuwa pia na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na maikrofoni ndogo inakuletea sauti ya anayekusemesha. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alihofia kwamba kusikiliza peke yako mbele za watu kungeonekana utovu wa adabu. Watu hawakuona hivyo, na baadaye kitufe kikaondolewa. Nilipojua habari hiyo nilijua pia ninachokitafuta. Nilikuwa natafuta kitufe cha chungwa cha keja yangu: muziki ninaoweza kuusikia vizuri bila kumwamsha mtu, na bila kuacha kuwasikia watu.

Nikarudi mjini kununua stereo mara ya tatu, safari hii nikiwa na maswali tofauti. Wauzaji walinitazama kwa huruma. Ukiuliza Luthuli spika ipi inapiga zaidi utapata majibu kumi. Ukiuliza ipi inasikika vizuri ikipiga kidogo, wanadhani una tatizo.

Jambo la kwanza nililojifunza halina bei: sogea karibu. Mahali pa wazi pasipo na kuta, kila ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwa spika ndogo, sauti inapungua desibeli 6. Ndani ya chumba haipungui hivyo kabisa, kwa sababu kuta zinairudisha, lakini mwelekeo ni huo huo. Spika iliyo mita moja kutoka sikioni haihitaji kupaaza kama ile iliyo juu ya kabati la TV upande wa pili wa sebule. Babu yangu alilijua hili bila fizikia yoyote. Aliishika redio karibu na sikio ili kutunza mawe, na sisi tukamkaribia yeye ili tusikie habari.

La pili, wati ni porojo. Muuzaji atakuambia "hii ni wati 500" kana kwamba unanunua trekta. Spika ndogo ya kawaida, ukiilisha wati moja tu na kukaa umbali wa mita moja, inatoa desibeli kama 85. Mazungumzo ya watu wawili mezani ni kama 60. Maana yake ukitaka muziki wa kiasi kidogo tu juu ya mazungumzo, desibeli 65 hivi, unatumia sehemu moja ya mia ya wati. Zile wati 499 na ushee zilizobaki umelipia ili umwogopeshe nani?

La tatu, angalia kitufe cha sauti chenyewe. Amplifaya nyingi za bei rahisi zinaruka: zimenyamaza, ukizungusha kidogo tu zinapiga mayowe, hakuna katikati. Nyingine zikiwa chini sana upande wa kushoto unasikika na wa kulia umelala. Anayesikiliza kwa sauti ndogo anaishi kwenye robo ile ya mwanzo ya kitufe, kwa hivyo hapo ndipo pa kujaribia.

Mwishowe nilinunua amplifaya ya mtumba, ex-UK, yenye kitufe kilichoandikwa LOUDNESS, ambacho kazi yake ni kurudisha kiasi cha besi ile ambayo sikio linaipoteza sauti ikiwa chini. Nakitumia kwa kipimo kama chumvi, maana hiyo bado ni besi na ukuta bado ni ule ule. Nikanunua na spika mbili ndogo za sanduku lililozibwa, lisilo na tundu la kupumulia besi. Nimeziweka kwenye meza mbali na ukuta wa Mama Junior na mbali na kona, kwa sababu kona inaivimbisha besi. Chini yake kuna vipande vya sponji ya godoro kuu kuu, ili zisiitikise meza, na meza isiitikise sakafu. Kiti changu kiko mita moja mbele yake. Wageni huuliza kama nimeanzisha studio.

Kuna nilichokipoteza, sitaficha. Ile besi ya kifuani sina tena. Nikiitaka naenda mahali watu wamekusanyika kwa ajili yake. Lakini kuna nilichokipata pia. Kwa sauti ndogo, sebene la Franco na TPOK Jazz halikusukumi usimame ucheze. Unaanza kusikia magita yanavyojibizana, hili likiuliza, lile likichelewa kidogo kujibu. Nilikuwa nimezisikiliza nyimbo hizo miaka mingi bila kujua kuna mazungumzo ndani yake.

Rafiki yangu mmoja hakubaliani nami hata kidogo. Anasema: jo, unaishi Nairobi. Kuna kesha ya kanisa Ijumaa, kuna baa chini ya ploti, kuna matatu inayopita na mziki unaotikisa vikombe. Wewe na vispika vyako mnaokoa nini? Zoea tu, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Naielewa hasira iliyo ndani ya swali hilo. Lakini methali hiyo imetungwa kumfariji ng'ombe. Haimpi chura ruhusa. Sheria nayo haijakaa kimya: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema ndani ya makazi isizidi desibeli 45 mchana, na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Hakuna afisa atakayepanda gorofa nne na mashine kuja kunipima, na kwa kweli sitaki aje. Kwamba baa haijali hakunipunguzii kitu mimi. Baa siwezi kuizima. Sabufa yangu naweza.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Anasema muziki kwetu haujawahi kuwa wa mtu mmoja. Ngoma ikilia kijijini inasikika hadi ng'ambo ya mto, na huo ndio uzuri wake. Muziki unaoishia mita moja ni uchoyo uliojifunza mjini. Hapo nilinyamaza kwa muda. Kisha nikakumbuka kwamba ngoma ile ilikuwa na sababu ambayo kila aliyeisikia aliijua: ni harusi, ni mazishi, ni mavuno. Kuisikia kulikuwa ni kualikwa. Ungeweza kwenda. Mama Junior akisikia besi yangu saa tano usiku, amealikwa wapi?

Na kuna jambo ambalo sisi tunaopanga nyumba hatulisemi vya kutosha. Karen na Runda kimya kinanunuliwa pamoja na shamba: nusu ekari ya nyasi, ua wa miti, halafu jirani. Huko mtu anaweza kuwa na spika za ukubwa wa jokofu na asimkosee yeyote. Pipeline, Umoja, Roysambu, hatuna pesa za kununua umbali. Kimya tulicho nacho ni kile tunachopeana. Mama Junior anapoamka saa tisa na nusu huwa anavaa viatu vyake nje ya mlango ili visilie kwenye sakafu. Niligundua hilo baada ya kuacha hedifoni. Miaka miwili alikuwa ananipa usingizi kila alfajiri, na sikujua kuna kitu napewa.

Sisemi hedifoni ni dhambi. Kwenye matatu nazivaa. Anayeishi chumba kimoja na ndugu zake watano pengine hana mlango mwingine wa kufunga ila huo wa masikioni, na asinyang'anywe. Ninachosema ni kwamba kati ya kumjaza jirani na kumfungia jirani kuna mahali pa tatu, na mahali hapo panahitaji ukae karibu zaidi na kitu unachokipenda badala ya kukiongezea nguvu.

Wenzetu wa Pwani hufundishwa kupiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka bila kinyongo. Ni adabu nzuri sana kwa anayebisha. Lakini inamtegemea aliye ndani awe mtu anayeweza kusikia hodi ya kwanza.

Kwa hivyo ukiniuliza leo ununue stereo gani ya keja yako, sitakutajia jina la kampuni. Nitakuambia ufanye jaribio moja. Washa muziki kwa kiwango unachokipenda usiku. Kaa kitini pako. Mwombe rafiki atoke nje, afunge mlango, abishe. Asibishe kama polisi, wala kama landlodi tarehe tano. Abishe kama mtu mwenye shida ambaye bado anaogopa kukusumbua. Ukimsikia, umenunua vizuri.